MUINDI MBINGU HAKUWA MHINDI

Kalamu yangu si nzito kama za ndugu zetu wa kidato cha nne, lakini nina jambo limenikaa rohoni na nikinyamaza nitakuwa mnafiki. Wahenga walisema mnyonge hana haki. Methali hii tunaikariri kila siku katika insha, na mwalimu anatupigia alama ya vema. Mimi leo nataka kuibishia. Mkimaliza kusoma, mseme ni nani amesema kweli, wahenga au mimi.

Jambo lenyewe lilianzia ndani ya basi. Mwaka jana darasa letu lilikwenda Nairobi kwa ziara ya masomo. Tulipokuwa tukipita kando ya Soko la Jiji, msongamano wa magari ukatusimamisha. Mmoja wetu akasoma kibao kwa sauti: "Muindi Mbingu Street." Akageuka akatuambia kwa uhakika wote, "Huyu lazima alikuwa Mhindi tajiri. Muindi, Mhindi, si ni kitu kimoja? Na tazameni maduka!" Basi zima likaangua kicheko. Mimi nilicheka kuliko wote, kwa sababu moja tu: hata mimi sikujua alikuwa nani. Kicheko ni pazia zuri la kufichia ujinga.

Nilipofika nyumbani nikamsimulia babu kichekesho hicho. Babu hakucheka. Alichokoachokoa moto na kijiti, akaniuliza polepole, "Mjukuu wangu, kwani huko shuleni mnafunzwa nini?" Halafu akaanza kunieleza. Yeye mwenyewe hakuwa amezaliwa wakati huo, lakini alisimuliwa na baba yake. Yale aliyonieleza nimeyafuatilia vitabuni na kwa mwalimu wa Historia. Nawaletea.

Samuel Muindi Mbingu alikuwa Mkamba, mtu wa huku kwetu Machakos. Hakuwa chifu wala tajiri wa mifugo elfu. Jina lake lilisikika mwaka wa 1938, na kisa chenyewe kilikuwa ng'ombe.

Nyinyi mnaijua ardhi yetu. Wazungu walipofika walijenga kituo Machakos mwaka wa 1889, hata kabla Nairobi haijawa mji. Baadaye wakachora mipaka. Vilima vya Mua vikawa mashamba ya walowezi. Tambarare za Athi, ambako wazee walikuwa wakipeleka ng'ombe majani yakikauka, zikachukuliwa. Uwanda wa Yatta ukawa mali ya serikali. Wakamba wakabaki katikati, watu wakiongezeka na ng'ombe wakiongezeka, lakini ardhi ile ile. Miaka ya 1930 ikaleta nzige na ukame. Udongo ukaanza kuchukuliwa na maji hadi vilima vikaota makovu mekundu.

Mwaka wa 1937 afisa wa serikali aliyesimamia hifadhi ya udongo, Colin Maher, aliandika ripoti ya kutisha kuhusu mmomonyoko Ukambani. Serikali ikasema dawa ni moja, ng'ombe wapunguzwe. Kila eneo likapangiwa idadi yake, na wanaozidi wauzwe kwa nguvu. Wakati huo huo kampuni ya Liebig, iliyokuwa ikitengeneza nyama ya mikebe, ilikuwa imejengewa njia ya kuweka kiwanda Athi River, na kiwanda kinataka ng'ombe wengi tena wa bei ya chini. Hebu fikirini: anayekuamuru uuze ni serikali, anayengoja kununua ni mmoja, na bei hupangi wewe. Hiyo mnaiita biashara?

Babu aliniambia kitu ambacho sikukipata kitabuni. Alisema kila ng'ombe alikuwa na jina, na kila mmoja alikuwa na kazi yake. Huyu ni wa jembe la kukokotwa. Huyu ni wa maziwa ya watoto. Yule ni wa mahari ya kijana fulani, na mzee wa upande wa pili ameshaahidiwa. Mwaka wa njaa, ng'ombe ndiye gunia la mahindi. Kwa hivyo afisa alipohesabu "ng'ombe kumi waliozidi", mwenye boma alisikia kwamba jembe limezidi, maziwa yamezidi, na ndoa ya mwanawe imezidi.

Wakamba hawakushika mishale, ingawa mishale yetu inajulikana. Walifanya chama, kikaitwa Ukamba Members Association, na Muindi Mbingu akawa miongoni mwa viongozi wake. Watu wa Ngelani walikuwa mstari wa mbele. Walikula kiapo kwamba hakuna atakayeuza ng'ombe kwa hiari yake wala kusaidia kuwatoa. Serikali ikachukua ng'ombe kwa nguvu ikawanadi. Ndipo mwezi wa Julai mwaka wa 1938 ikatokea ile safari. Wanaume, wanawake na watoto walifunga safari kwenda Nairobi, zaidi ya kilomita 60, kumwona Gavana ana kwa ana. Gavana alikuwa Robert Brooke-Popham. Akakataa kuonana nao mjini, akawataka warudi makwao. Hawakurudi. Walipiga kambi Nairobi kwa majuma kadhaa, wakakaa kwa utulivu wakingoja. Hawakuvunja duka hata moja. Mwishowe Gavana mwenyewe ilimbidi kuja Machakos mwezi wa Agosti kufanya baraza. Yaani mkubwa alimfuata mdogo!

Lakini hasira za wakubwa huishia kwa mtu mmoja. Mwaka huo huo Muindi Mbingu alikamatwa, akapelekwa kuishi Lamu kwa amri tu. Mtu wa vilima akatupwa kisiwani, mbali na ng'ombe aliowatetea. Serikali ilidhani imekata kichwa cha nyoka. Kumbe walioapa walikuwa bado wako palepale, na hawakulegea. Kabla mwaka wa 1938 haujaisha, mpango wa kunyang'anya ng'ombe kwa nguvu uliachwa. Serikali pia ilikuwa na hofu yake. Wakamba walikuwa wengi katika jeshi la KAR na polisi, na vita vya Ulaya vilikuwa vinanukia. Nani angetaka askari ambaye mama yake analia nyumbani kwa ajili ya ng'ombe?

Muindi alikaa Lamu miaka mingi, akarudi mwaka wa 1946. Chama chake kilikuwa kimepigwa marufuku mwaka wa 1940 pamoja na vyama vya Wakikuyu na Wataita. Mwaka wa 1953, wakati wa Hali ya Hatari, aliuawa. Hakuiona bendera ya Desemba 1963.

Sasa nyinyi mnaopenda ubishi najua mtasema nini, kwa sababu nilipoyaeleza haya darasani niliyasikia kwa masikio yangu.

Wa kwanza alisema: "Lakini serikali ilikuwa na haki. Udongo ulikuwa unaisha kweli." Huyu simpuuzi. Kama udongo ulikuwa haumomonyoki, yale makorongo tunayoruka tukija shuleni yalichimbwa na nani? Ni kweli, ardhi ilikuwa mgonjwa. Mimi nabisha juu ya namna ya kumtibu. Daktari akija nyumbani, asimuulize mgonjwa neno, amfunge kamba, amnyweshe dawa, kisha achukue mbuzi wake kuwa malipo, hata kama dawa ni ya kweli mgonjwa atamtapikia. Tena daktari huyu ndiye aliyemnyima mgonjwa chakula kwanza, kwa kuchukua Mua na Athi.

Na ushahidi tunao, hatuhitaji kwenda mbali. Tazameni vilima vya Kalama mkiwa uwanjani wakati wa michezo. Mnaona nini? Matuta. Yamepangwa mstari juu ya mstari kama ngazi. Ni nani aliyayachimba? Wakati wa ukoloni watu walilazimishwa kuchimba, na kazi ya kulazimishwa haikupendwa. Lakini walipoona wenyewe kwamba shamba lenye matuta linashika maji na lile lisilo nayo linabaki mchanga, walichimba bila kusukumwa. Vikundi vya mwethya, hasa vya akina mama, vilichimba shamba la huyu leo na la yule kesho. Hata ule mtindo wa "fanya juu", yaani kuchimba mtaro na kurusha udongo upande wa juu, umejulikana hadi nje ya Kenya, na sifa zake zinatajwa pamoja na jina la Machakos.

Mwaka wa 1994 wataalamu watatu, Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, walichapisha kitabu kuhusu jambo hili. Walionyesha kwamba watu wa wilaya ya zamani ya Machakos, pamoja na Makueni, walikuwa kama 240,000 miaka ya mwanzo ya 1930, na kufikia 1989 walikuwa kama 1,400,000. Watu waliongezeka karibu mara sita, na bado mmomonyoko ulipungua badala ya kuzidi. Kwa hivyo wale wale walioambiwa kwamba hawajui kutunza ardhi ndio walioiokoa. Walichokuwa wakikosa mwaka wa 1938 ni kuulizwa.

Wa pili alisema: "Sawa, lakini yeye alipata faida gani? Lamu, halafu kifo. Ukiwa kiongozi wa wanyonge mwisho wako ni huo." Hili lilinishinda kujibu siku ile. Nililala nalo. Ndipo nikakumbuka kwamba kama wenzangu wanataka Mhindi, nitawapa Mhindi wa kweli.

Miaka kumi kabla ya Wakamba kwenda Nairobi, yaani mwaka wa 1928, kulikuwa na wakulima wa sehemu iitwayo Bardoli, katika jimbo ambalo leo ni Gujarat huko India. Mwingereza huyo huyo aliwaongezea kodi ya ardhi kwa asilimia 22. Mwanasheria mmoja, Vallabhbhai Patel, mwenyewe mtoto wa mkulima, akawaongoza kukataa kulipa. Serikali ikaja kukamata nyati wao wa maziwa, na mashamba yao ikatangaza kuyauza. Wakulima wakajifungia ndani ya nyumba pamoja na nyati wao, joto na giza, wasionekane. Waliapa kutompiga mtu. Baada ya miezi michache serikali ikakubali uchunguzi ufanywe, na nyongeza ile ikashuka hadi karibu asilimia 6. Tangu hapo watu wakamwita Patel "Sardar", maana yake kiongozi, na India ilipopata uhuru mwaka wa 1947 akawa naibu wa waziri mkuu.

Tazameni jinsi mambo yanavyofanana: serikali ile ile, mifugo ile ile, kiapo, utulivu. Tofauti ni mwisho wa viongozi. Mmoja alipata cheo, mwingine alipata Lamu. Lakini wakulima wa pande zote mbili walibaki na mali yao. Basi tukipima kiongozi kwa alichokipata yeye, Muindi alishindwa. Tukimpima kwa walichokipata waliomfuata, alishinda. Mimi napima kwa mizani hii ya pili. Na msisahau kwamba Mhindi alikuwamo hata katika kisa chetu. Isher Dass, mjumbe wa Wahindi katika Baraza la Kutunga Sheria mjini Nairobi, ndiye aliyeipaza kesi ya Wakamba mle barazani ambamo Mkamba hakuwa na kiti. Kwa hivyo aliyesema "Muindi, Mhindi" hakukosea sana, alikosea kidogo tu!

Sasa nije kwa lililoniuma hasa. Siku ile ya ziara, basi liliposimama, tulishuka kununua vitafunio. Kando ya barabara mtu alikuwa akiuza maembe, makubwa, mekundu shavuni. Nikayatambua kama mtu anavyotambua ndugu yake mjini, kwa sababu ni aina ile ile tuliyo nayo nyumbani. Nikauliza bei. "Arobaini, kijana." Embe moja shilingi 40!

Mimi ni mtoto wa mkulima. Karo yangu ya muhula wa kwanza hutoka juu ya miti ya maembe. Mwezi wa Januari broka mmoja alikuja kwetu na lori. Alizunguka miti akiguna, akabonyeza embe hili na lile, akasema, "Shilingi nne." Baba akasema saba. Broka akacheka, akapanda lori na kumwambia dereva awashe. Baba akatazama yale yaliyoiva, ambayo juma lijalo yangekuwa yameanguka, kisha akanitazama mimi nikiwa na sare yangu, nimekaa nyumbani siku ya shule. Akapunga mkono, lori likasimama. Shilingi nne.

Jioni nikamuuliza, "Baba, mbona msikubaliane na majirani muwe na bei moja?" Akanijibu, "Mwanangu, mimi nikikataa, jirani anauza. Jirani akikataa, mimi nauza. Yeye anajua hilo kuliko sisi. Wewe soma tu."

Simlaumu baba. Lakini nilipoijua habari ya mwaka wa 1938 niliona tofauti moja iliyonikosesha usingizi. Wakati ule kulikuwa na bunduki, gavana na amri, na watu walikataa pamoja. Leo hakuna bunduki. Hakuna anayemlazimisha baba. Kuna mnunuzi mmoja na wauzaji hamsini wasiosemezana, na hiyo inatosha. Ng'ombe wa mababu walichukuliwa kwa nguvu, maembe ya baba yanachukuliwa kwa upweke. Mwandishi wa gazeti hataandika habari za upweke, na hakuna barabara itakayoitwa kwa jina la mtu aliyeuza embe kwa shilingi nne.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya. Kwanza, wazazi wetu wa Kola wanajua kufanya mwethya ya kuchimba matuta na kuvuna mahindi. Kwa nini isiwepo mwethya ya kuuza? Boma kumi zikikubaliana bei kabla lori halijafika, zikakodi lori lao hata mara moja tu kwenda mjini, broka atajifunza kusalimu kwa adabu. Najua haitakuwa rahisi. Embe halingoji kama ng'ombe, huiva na kuoza. Lakini hata watu wa mwaka ule walikuwa na watoto wenye njaa kambini Nairobi, na walingoja.

Pili, kuna kazi ambayo sisi wanafunzi tunaiweza. Wazazi wengi hawaaminiani kwa sababu hakuna hesabu iliyoandikwa. Sisi tunafunzwa hesabu za biashara kila juma, na tunaziacha kwenye daftari. Mwanafunzi anaweza kuandika maembe ya kila boma, bei na tarehe, kwa mwandiko unaosomeka. Kiongozi si lazima awe mtu wa kusimama jukwaani. Anaweza kuwa mtu mwenye kalamu na asiyeiba.

Tatu, naomba Chama cha Kiswahili kitumie likizo ijayo kukusanya masimulizi ya wazee juu ya mwaka wa 1938. Waliokuwapo wamekwenda, na waliosimuliwa, kama babu yangu, wanazeeka. Kila mwanachama amhoji mzee mmoja, aandike kurasa mbili, tuzichape katika jarida la mwaka ujao. Tusipofanya hivyo, miaka hamsini ijayo mtoto wa Kola atasoma kibao Nairobi na kusema tena, "Huyu alikuwa Mhindi," na hapatakuwa na babu wa kukataa kucheka.

Nilipomsomea babu rasimu ya makala haya alisikiliza mpaka mwisho. Nikadhani atanisifu. Akasema tu, "Umesahau kuandika kwamba walikwenda kwa miguu." Basi naandika: walikwenda kwa miguu.

Nilianza kwa kuibishia methali, na namalizia kwa nyingine, maana wahenga wetu ni watu wa haki, wakikosea hapa hujisahihisha pale. Walisema pia, mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Muindi Mbingu walimfanya mnyonge. Jina lake tumpe. Na baba yangu, na baba yako, tuwape bei yao.

Ni mimi,
Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu,
Kola.